Mkeka wa Alhamisi

Dada yangu hakuwa mwendawazimu. Nalisema mapema, maana mji mzima ulimwita hivyo, na mpaka leo nikilisikia nachemka. Neno dogo ambalo mwenzake angelisahau kabla ya kumaliza chai, yeye lilimuunguza kutwa. Yakimzidi, alijiumiza. Mama aliacha kwenda shamba, kazi yake ikawa kumlinda mwanawe mtu mzima kama mtu anayelinda maziwa motoni.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, na mjini kwetu Palma palikuwa na njia mbili za kumtibu. Ya kwanza ni hospitali, kwa enfermeiro, muuguzi aliyeletwa na serikali kutoka kusini. Kiswahili alikiokota kambini Tanzania wakati wa vita, kwa hiyo kila mtu kwake alikuwa ndugu, hata mama yangu. Vidonge hakumpa dada. Alimkalisha barazani, wawili tu, akamfundisha kukiita kinachomuunguza kwa jina lake: hii hasira, hii aibu, hii hofu. Kisha anawe uso kwa maji ya mtungi, asiseme wala asifanye lolote mpaka maji yakauke yenyewe usoni. Alisema ndivyo walivyotulizana wao vitani. Mimi nilicheka. Nikakoma kucheka siku nilipomwona dada amesimama uani, uso unachuruzika maji, mikono imetulia.

Njia ya pili ni wanawake wa ngoma. Kila Alhamisi alasiri walikusanyika kwa fundi wao, bibi mmoja mkali wa upande wa mikokoni. Walifukiza ubani, wakaimba, halafu kila mmoja akasema kilichomkaa kooni na wenzake wakamwitikia. Ukishaingia pale ulishonewa mkeka wako. Uje usije, Alhamisi unatandikwa mahali pako, na mwingine haukalii mpaka siku utakayokufa. Dada alikuwa ameanza kwenda, na ukili wa mkeka wake ulishaanza kusukwa.

Yeye alizitaka njia zote mbili. Alisema waziwazi, tukipepeta mchele: "Kwa enfermeiro najifunza kujizuia. Kwa akina mama nalia. Nikikosa kimoja, mimi siponi."

Thubutu! Enfermeiro akasema ngoma ni mambo ya giza, chama kimezikataza, na akienda huko yeye hampokei tena. Fundi naye akasema anayefukizwa kwake haguswi na mkono wa hospitali. Wanaume wa mji huu wanaoa wake wawili na hawafungiwi mlango na mtu. Dada yangu alitaka tiba mbili, milango ikaanza kubamizwa.

Basi mama akachagua. Katibu wa mtaa alishapita nyumba kwa nyumba kuonya habari za ngoma, na mama alikuwa mjane, aliogopa. Akachagua hospitali. Simlaumu. Nawalaumu waliomlazimisha kuchagua.

Tukapata msimu mmoja mzuri. Dada akarudi kucheka, akawa anapika vitumbua vya kuuza, tunagombania kanga asubuhi na kabla ya adhuhuri tumeshapatana. Nilianza kusahau kuwa aliwahi kuumwa. Halafu enfermeiro akapata uhamisho. Aliondoka na lori, na kabla ya kupanda alimshika dada mkono akamwambia, "Ndugu, maji yapo mtungini." Aliyekuja baada yake alijua vidonda na malaria, na Kiswahili hakujua hata salamu.

Dada alijitahidi, Mungu ni shahidi. Alinawa akasubiri, akanawa tena kabla uso haujakauka. Mtungi ukawa hauishi kujazwa. Nikamwambia mama, "Mrudishe kwa akina mama."

"Ngoma zimekwisha, mwanangu," mama alijibu. "Fundi mwenyewe alizikabidhi kwa katibu mbele ya mkutano, nimeona kwa macho yangu. Siku hizi wanasuka mikeka ya ushirika. Tena tuliwapa mgongo, nitaingia pale na uso gani?"

Ndivyo tulivyojua sote. Katibu aliusifu ule ushirika kila mkutano.

Dada alijitia baharini asubuhi moja, maji yakiwa yamejaa. Wavuvi wa Tungue walimleta wakamlaza mchangani. Mjomba akataka kumfunika kanga usoni, mama akamshika mkono. "Bado," akasema. "Uso haujakauka." Tukakaa pale na jua linapanda, na hakuna aliyethubutu kumgusa mpaka ulipokauka. Sijapata kulia vile tena, hata siku ya mama mwenyewe.

Alipokwisha oshwa na kukafiniwa, wanawake wa ushirika wakaingia uani, fundi mbele, amebeba mkeka uliokunjwa kwapani. Ulikuwa na rangi ya zambarau, kingo zimeanza kuchakaa, katikati mpya kabisa.

"Huu ni wake," alimwambia mama. "Afunikwe nao."

Mama aliutazama asielewe. "Si mliacha?"

"Ngoma tuliacha. Kukaa hatukuacha. Tunasuka, tunasema yetu, tunalia."

"Na huu mlikuwa mnautandika?"

"Kila Alhamisi, mwanangu. Tulidhani bado unamkataza."