Kisu cha Simai Machano Hakipandi Meli

Baba yangu, Simai Machano, alikuwa mchinjaji wa Jang'ombe, na wapo wanaosema hadi leo kuwa alikuwa mkaidi. Ni kweli. Mimi binti yake, Wanu, ndiye niliyeurithi ukaidi huo, na simwombi mtu radhi.

Watu walimwita kwenye harusi, hitima na Iddi kwa sababu ya neno lake. Mnyama aliyekufa kabla ya kisu ni nyamafu, na baba akishasema hii nyamafu, nyama ilifukiwa, hata mwenyewe awe analia. Alitazama mguu, kisha damu. Mnyama mwenye roho hurusha mguu, na damu yake hububujika.

Mwaka ule ugonjwa wa sotoka ulikuwa umewafyeka ng'ombe wa bara, na watu waliokuwa wakijenga reli walitafuta nyama kwa udi na uvumba. Zahor bin Turki, tajiri wa mjini ambaye mashamba ya karafuu yalikuwa yakimponyoka moja moja, akaona mlango. Alinunua ng'ombe kuanzia Kizimkazi hadi Matemwe, akakodi meli ya moshi ya kuwavusha bara, akawapandisha kwa mikanda ya tumboni, wakining'inia na kulia. Kisha akamwajiri baba akae humo melini na kisu chake: ng'ombe akitaka kufa, achinjwe upesi, nyama iuzwe mjini.

Tazameni akili hiyo! Mtu anajua kabisa watakufa, mpaka amewawekea na mchinjaji.

Meli ilikaa bandarini ikisubiri ng'ombe zaidi. Chini walikofungwa palikuwa na joto la tanuri, na maji ya kunywa ni ndoo chache. Siku ya pili akaanguka ng'ombe mwekundu wa Kizimkazi.

"Simai! Haraka, roho bado imo!" Zahor akaita.

Baba akainama, akauona mguu wa nyuma ukitikisika. Akasema bismillahi, akapitisha kisu. Damu ikatoka kidogo, nzito, nyeusi. Baba akabaki amechuchumaa pale pale. Shingo ilishakatwa, lakini mguu ulikuwa bado unakwenda na kurudi, sawasawa na ndoo iliyotundikwa juu yake. Wimbi likiipiga meli, ndoo inakwenda, na mguu unakwenda.

Miaka ishirini baba alichinja juu ya ardhi isiyosogea. Hakuwahi kufikiri kuwa bahari inaweza kumtikisia mguu mzoga.

"Huyu alikuwa keshakufa," akasema. "Nyama isitoke."

"Nshakusikia ukisema bismillahi," Zahor akajibu. "Yamekwisha."

"Bismillahi haifufui mzoga, Bwana Zahor. Wateremshe hawa walobaki. Wachinjwe pwani, nyama ikaushwe, upeleke ng'onda."

"Ng'onda atanunua nani? Watu wa reli wanataka ng'ombe wamwone anatembea."

"Basi na wasile nyama! Ng'ombe akipanda meli hii keshaanza kufa. Na mimi sikai hapa kukufichia tamaa yako."

Alipopata mtumbwi wa kumrudisha, nyama ilikuwa imeshamtangulia sokoni. Na fungu lake, kwa ukarimu wa Zahor, lilikuwa limeshafika kwetu. Mimi nilikuwa nimerudi kwa wazazi kungojea kujifungua mimba yangu ya kwanza, na nyama nilikuwa nikiiota. Nilikuwa na tonge mkononi baba alipoingia na kukipiga chungu teke. Nilikasirika nikalia.

Alipotueleza, mama yangu, Mwanakheri, akamshika mkono. "Baba Wanu, nyamaza. Ukisema, nani atakuita tena? Aibu ya maiti aijuaye mwosha."

"Wanaokula si maiti, Mwanakheri," akasema baba.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala alisimama kwenye mlango wa msikiti.

"Nyama ilotoka melini jana nlichinja mimi, na ilikuwa nyamafu. Kosa ni langu. Mguu ulitikiswa na bahari, mimi nkadhani roho. Nisameheni. Na nyama yoyote itakayotoka meli ile msiile, hata akichinja nani."

Wengine walimlaani, mmoja akatema mate. Bi Tamima, jirani yetu aliyekula nyama ile usiku na asubuhi, alimtukana tangu uchochoroni mpaka mlangoni kwetu. Zahor naye hakukosa neno.

"Mchinjaji hamjui maiti na alo hai! Nani atakupa tena hata kuku?"

"Asinipe. Na wewe huna tena mchinjaji wa kumpandisha."

Ikawa hivyo. Hakuna mchinjaji wa mjini aliyekubali kukanyaga meli ile, na hakuna aliyenunua nyama yake. Kila ng'ombe aliyeanguka sasa alitupwa baharini, na hasara ikamfundisha Zahor kile ambacho huruma ilishindwa. Akawateremsha waliobaki.

Baba naye alilipa. Hakuitwa harusini wala kwenye hitima. Alikaa kibarazani akisuka makuti, kisu kimefungwa kitambaani, na mimi niliyelia chungu kile kilipomwagwa niliona uchungu kumtazama.

Asubuhi ya Iddi Kubwa Bi Tamima akaja akiburura beberu.

"Simai, nataka unchinjie."

"Si wewe ulosema nimekulisha mzoga?"

"Nlisema, na nnasema tena. Wewe umenlisha mmoja, nnaujua. Hao wachinjaji wengine sijui wamenlisha mingapi."