Vipimo Kumi vya Asubuhi Moja

Mwaka wangu wa kwanza wa kupima mashamba nilimdhulumu bibi mmoja mjane, karibu na barabara ya Namoto. Sikukusudia, lakini njia ya kuepuka niliijua, nikafanya uvivu.

Bibi na jirani yake walikuwa wakigombania mpaka, nami nilitumwa kuutafuta kwa vipimo vya ramani ya zamani. Nilisimamisha antena ya setilaiti chini ya mkorosho, karibu na nyumba ya bati. Ni mahali pabaya, maana mawimbi hugonga bati na matawi kabla ya kufika kwenye antena. Nikapima mara kumi ndani ya dakika tano. Majibu yote kumi hayakupishana hata upana wa kiganja. Nikafurahi.

"Mpaka unapita hapa," nikasema, nikionyesha katikati ya muhogo wake.

Bibi akatikisa kichwa, akaniita injinia kwa Kireno. "Marehemu mume wangu alifukia chupa pale kwenye pembe, iwe alama ya mpaka. Engenheiro, chimba uone."

"Bibi, nimepima mara kumi. Zote zimesema hapa."

"Basi pima tena kesho, saa nyingine."

Watu walikuwa wananitazama. Nikacheka, nikamwambia setilaiti hazina habari na saa. Ulikuwa uongo. Chuoni tulifundishwa wazi kwamba vipimo vinavyofuatana haraka hukosea pamoja, upande uleule, kwa kuwa angani setilaiti hazijasogea vya kutosha na bati liko palepale. Vipimo kumi vya namna hiyo ni kama kimoja tu. Kupatana kwao hakuonyeshi kwamba ni sahihi. Ukitaka kujua umekosea kiasi gani, rudi saa nyingine, siku nyingine. Mimi nilikuwa na njaa, na gari lilikuwa linanisubiri.

Tukasimika nguzo ya saruji.

Miezi miwili baadaye nilitumwa kupima shamba la nyuma, nikalazimika kuanzia kwenye nguzo ile. Safari hii antena niliiweka uwanjani, mbali na bati. Nikapima asubuhi, nikapima alasiri, nikarudia kesho yake. Nguzo ilikuwa imeingia kwa bibi hatua mbili nzima. Nikaenda kuchimba pale alipokuwa amesema. Jembe likagonga kioo.

Jirani alikuwa amekwisha kung'oa muhogo wote wa ukanda ule.

Nikamfuata bibi jikoni kwake. "Nimekukosea, bibi. Na siku ile nilijua kwamba huenda nimekosea."

Akasogeza kuni motoni. "Muhogo nitapanda mwingine," akasema. "Lakini tangu siku ile kisimani wananiita mwongo. Wanasema namsingizia maiti."

Jirani hakubisha alipoiona chupa. Tukaihamisha nguzo siku ileile. Kisha bibi akachukua ndoo yake, akaniambia, "Twende ukawaambie."

Kisimani palikuwa na wanawake kama kumi na wawili. Nikaeleza huku natazama chini. Mmoja akasema hakusikia vizuri, nirudie. Nikarudia.