Kura Tisa za Rahima

Umoja huo unaitwa Wasichana wa Zamani wa Namikunda, Tawi la Masasi na Newala, na mwanachama wake mdogo kuliko wote ana miaka thelathini na minane. Neno "zamani" liliwahi kuletwa kikaoni lijadiliwe, wengine wakilalamika kwamba linawazeesha. Likabaki pale pale baada ya mjumbe mmoja kuuliza kama wangependelea liondolewe "wasichana".

Katika bwalo la shule, juu ya dirisha la kupokelea ugali, kuna ubao wa mninga ulioandikwa majina ya wenyeviti wa tawi kwa rangi ya dhahabu. Una majina matatu na nafasi ya mengine kumi na saba. Walioutengeneza walikuwa watu wa matumaini. Hawakujua kwamba jina la tatu litakuwa la Mwalimu Severina, ambaye aliingia mwaka 2012 na hakuona sababu ya kutoka.

Nafasi ya nne katika ubao ule ndiyo aliyoitaka Rahima Safari. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: Namikunda hakuwahi kusoma mtu anayeitwa Rahima Safari.

Mwaka 1988 Rahima alimaliza darasa la saba kijijini Chiwata na hakuchaguliwa kuendelea, jambo ambalo halikuwa aibu, kwa kuwa shule nzima alichaguliwa mvulana mmoja. Baba yake, Mzee Safari, akaenda kumwona mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu aliyechukia kuona pengo katika daftari la mahudhurio.

"Safari," alisema, "wewe una mtoto ambaye jina lake limekwisha. Mimi nina jina ambalo mtoto wake hayupo. Sasa unaona ugumu uko wapi?"

Mzee Safari hakuuona. Jina lenyewe lilikuwa Scholastika Gervas, la msichana aliyeacha shule mwisho wa darasa la sita, mama yake alipohamia Mkunya kwa kaka zake. Kurudia darasa kwa jina la mwingine hakukuwa kitu cha kushangaza miaka ile. Wapo watu wazima wenye ofisi na mihuri wanaosaini majina ya wenzao waliobaki mashambani.

Jina lilikuja na dini yake. Rahima alifunga mwaka akiwa Mwislamu, akafungua muhula akiwa Mkatoliki. Alirudia darasa la saba, mara hii akachaguliwa, na huko Namikunda, sekondari ya bweni, Jumapili alihesabiwa katika foleni ya kwenda misa, na kufika kidato cha nne alikuwa akiongoza sauti ya pili ya kwaya. Shangazi zake walipopeleka mashitaka nyumbani, Mzee Safari aliwajibu, "Mwacheni aimbe. Mungu anajua sauti ni ya nani."

Akasomea uuguzi, akaajiriwa katika kituo cha afya mjini Masasi, akawa Sista Skola. Akaolewa na Abdulazizi, fundi cherehani, akawa Mama Faridi. Abdulazizi anapenda kuwaambia wateja kwamba yeye amejaliwa ndoa ya mitala isiyo na ugomvi: "Nyumbani nina Rahima, kazini nina Scholastika, na hawajawahi kugombania sufuria."

Haya yote yangeendelea kimya kimya kama si mama yake. Bi kizee alikuja Masasi kutibiwa macho, akapona vya kutosha kuuona ukuta wa sebuleni. Kulikuwa na vyeti vinne ndani ya fremu. Hajui kusoma, akamwomba mjukuu wake Faridi amsomee. Scholastika Gervas, mara nne.

"Ukuta mzima wa mtu nisiyemjua," alisema. "Rahima, jina la mama yangu umelipeleka wapi?"

Maana Rahima ni jina la bibi mzaa mama, na jina la bibi hupewa mtu alibebe, si alihifadhi. Lilikuwa limeandikwa mahali pawili tu: kwenye kadi ya kliniki iliyoliwa na panya na kwenye cheti cha ndoa alichokifungia Abdulazizi sandukuni. Kulibadilisha kazini walishamwambia asijaribu. Mtu aliyebakiza miaka kumi kustaafu hagusi faili lake. Ndipo Rahima akaukumbuka ule ubao wa mninga.

Alichukua fomu ya kugombea uenyekiti akaandika jina lake. Kesho yake katibu wa tawi, Anjelina, aliyekuwa nyuma yake kidato kimoja, akampigia simu.

"Dada Skola, shikamoo."

"Marahaba."

"Huyu Rahima Safari ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwenye orodha ya shule hayumo."

"Najua hayumo."

"Basi, dada yangu, niandikie aliyemo."

Rahima akaandika aliyemo. Alishapiga hesabu: atashinda kwanza kwa jina la cheti, kisha yeye mwenyewe, akiwa mwenyekiti, atamwagiza fundi rangi aandike jina analolitaka mwenyekiti. Alikuwa ameuangalia uongozi wa Mwalimu Severina kwa miaka kumi na miwili na alijua kwamba mambo huenda hivyo.

Lakini jina la mtu halipelekwi kwenye ushindani bila mwenyewe kuambiwa. Jumamosi moja akapanda bodaboda kwenda Mkunya. Alimkuta Scholastika Gervas chini ya paa la jiko, anamenya mihogo, mwanamke mrefu mwenye mikono ya kazi. Walikuwa hawajaonana tangu Scholastika alipoacha shule.

"Nakuja kukuomba jina lako," Rahima alisema baada ya salamu, ambazo hazikuwa fupi.

"Nangu?" alisema Scholastika kwa Chimakonde, akijigusa kifua kwa kisu. "Mimi hapa naitwa Mama Dickson. Hilo jingine si ulilichukua zamani?"

"Nilipewa na mwalimu mkuu. Wewe sikukuomba."

"Haya, leo unaomba. Umelifanyia nini miaka yote hiyo?"

"Limesoma. Limekuwa nesi. Limezalisha wanawake wengi tu."

"Kumbe!" Scholastika aliweka muhogo chini. "Na mimi nakaa hapa nalalamika mgongo, kumbe nafanya kazi mbili. Sasa unataka niwe nini tena?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti nimekubali. Na la kwako, lile la Rahima, nani analitumia?"

"Lipo nyumbani."

"Jina likikaa nyumbani linaliwa na mchwa," alisema Scholastika, akarudi kwenye muhogo wake. Alimfungia mihogo ya kuondoka nayo, akamwambia amjulishe wakishinda.

Mkutano ulifanyika Newala, katika ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki na mapambo yaliyosahauliwa na harusi iliyotangulia. Walikuja wanachama sitini na saba. Mwalimu Severina alisimama wa kwanza kuomba kura, akasema hana maneno mengi kwa sababu kazi zake zinaonekana. Watu waliangalia huku na huku kwa heshima.

Rahima aliandaa hotuba juu ya vyoo vya mabweni. Aliposimama, hata hivyo, mchwa wa Mkunya walikuwa bado wanamtafuna, akajikuta amesema, "Mimi ni Rahima, ambaye ninyi mnanifahamu kwa jina la Skola," na kuanzia hapo vyoo havikupata nafasi. Akaeleza yote, tangu daftari la Chiwata hadi ukuta wa sebuleni. Wengine walicheka, wawili wakajifuta macho, na mmoja wa nyuma, aliyevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi, akaisukuma miwani juu ya pua kama mtu aliyetajwa.

Wakapiga kura kwa vikaratasi. Anjelina alipozimwaga mezani na kuzipanga, uso wake ukabadilika.

Karatasi thelathini zilisema "Mwalimu". Ukumbini mlikuwa na walimu arobaini na mmoja, lakini hakuna aliyeuliza ni mwalimu yupi. Ishirini na mbili zilisema "Scholastika" au "Skola". Sita zilisema "Mama Faridi", zimeandikwa na wale wanaoona kwamba mwanamke mwenye mtoto mkubwa hatajwi jina kavu, hata kwa siri. Na tisa zilisema "Rahima".

"Mwalimu thelathini, Skola ishirini na mbili," alisema mpambe wa Severina haraka. "Tumemaliza. Chai iko wapi?"

"Chai itasubiri," mwingine akamjibu. "Jumlisha za mtu mmoja! Au na wewe Mwalimu wako tumgawe vipande?"

Anjelina alifungua katiba. Namikunda hakuna aliyejulikana kwa jina lake. Walikuwapo akina Kiberiti, Mchicha na Mama Mkwe. Kwa hiyo ibara ya tisa iliruhusu mpiga kura kuandika jina la utani la mgombea, mradi mgombea mwenyewe athibitishe mbele ya mkutano kwamba ni jina lake la utani.

"Mgombea Scholastika Gervas," alisema Anjelina, "Mama Faridi ni jina lako la utani?"

"Ni heshima yangu, lakini andika."

"Ishirini na nane. Rahima ni jina lako la utani?"

Hapo ukumbi mzima ulihesabu kwa vidole, kwa sababu waliosoma Namikunda walifundishwa kujumlisha. Ishirini na nane na tisa ni thelathini na saba.

Rahima aliziangalia zile karatasi tisa.

"Sema ndiyo, Skola!" alipiga kelele mmoja. "Herufi tano tu!"

"Itaandikwa kwenye muhtasari?" Rahima aliuliza.

"Kila kitu kinaandikwa. 'Mgombea amethibitisha kwamba Rahima ni jina lake la utani.' Halafu mimi nakupa hongera, tunakwenda chai."

Mwalimu Severina aliinama upande wa Rahima. Miaka arobaini ya kusimamia mitihani ilikuwa imemfundisha kutambua mtu anayelijua jibu na hataki kuliandika. "Sina pingamizi, mwanangu," alisema. "Ukithibitisha umenishinda."

"Shikamoo Mwalimu," alisema Rahima, kwa kuwa alikuwa hajamsalimia tangu asubuhi.

"Marahaba."

Kisha akamgeukia Anjelina. "Rahima si jina la utani. Ni jina la bibi yangu. Kama kuna la utani hapa ni hilo jingine."

"Hilo jingine ndilo lililomo kwenye orodha, dada!"

"Basi."

"Basi nini? Hizi tisa niziandike zimeharibika?"

"Usiandike zimeharibika."

"Sasa niandike nini?" Anjelina alikuwa karibu kulia, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa wale tisa.

Mwalimu Severina, ambaye wakati huo alishaanza muhula wake mwingine, akatoa uamuzi wake wa kwanza. "Mwandike," alisema. "Mtu wa tatu hamdhuru mtu."

Ikaandikwa. Muhtasari wa mkutano ule, uliochapwa na kusainiwa, unaonyesha kwamba nafasi ya uenyekiti ilikuwa na wagombea wawili, na matokeo yakawa ya watu watatu: Severina kura 30, Scholastika Gervas kura 28, Rahima Safari kura 9. Hakuna mjumbe aliyewahi kuhoji.

Ubao wa mninga bado una majina matatu. Rahima alitoa nakala ya ule ukurasa, akaitia fremu, akaitundika sebuleni baada ya kukihamishia cheti kimoja cha uuguzi chumbani. Mama yake alikuja kutoka Chiwata kuiona. Aliuliza ni wapi, akaonyeshwa mstari, akauwekea kidole gumba kama anayesaini, akakaa nao hivyo mpaka chai ikapoa.

Jioni hiyo hiyo Rahima alikumbuka ahadi, akapiga simu Mkunya.

"Tumeshinda?" aliuliza Scholastika.

"Hatukushinda. Wewe umekuwa wa pili."

"Na wewe?"

"Wa tatu. Kura tisa."

Upande wa pili alisikika akinong'ona tarakimu. Alikuwa anafanya hesabu ya kutoa.

"Nimekupita kura kumi na tisa," alisema Scholastika Gervas, "na sikutoka hata shambani."