Shujaa Wangu Hakuripoti kwa Mtendaji

Riwaya yangu ya kwanza inamhusu mwandishi wa habari anayefichua siri za serikali. Kwa kuwa mimi ni mwoga wa kupindukia, niliipeleka mwenyewe kwa mtendaji wa kata yetu hapa Kasulu, aniambie kama nitakamatwa. Alisoma sura ya kwanza akinywa chai, mimi nikitokwa jasho.

"Kijana, siri zako hazina shida," alisema. "Tatizo ni huyu mtu wako. Ametoka Kigoma, ameingia kijijini huko Kibondo, anahoji watu. Kibali kamwonyesha nani?"

"Anachunguza kwa siri, mzee."

"Hata kwa siri, anaripoti kwanza kwa mtendaji. Mbona unaandika uongo?"

Neno uongo lilinichoma kuliko pingu. Mtu ninayeandika upya sentensi moja wiki nzima, ningeachaje kosa kubwa namna hiyo? Nikaenda nyumbani, nikampeleka shujaa wangu ofisini akajitambulishe. Sasa niko sura ya tisa. Bado amekaa kwenye benchi, mtendaji yuko semina, na siri za taifa ziko salama kabisa.