Zuberi Hakupiga Magoti

Usiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Sikunywa. Wala haukuwa usiku. Ingekuwa usiku ningejiambia ni usingizi. Ilikuwa mchana, jua likichoma mabati ya depo moja tupu kule Zone Industrielle, eneo la viwanda la Bujumbura, na aliyeyaona haya ni mimi, si jirani wa rafiki yangu.

Tulikuwa tunapiga filamu ya maisha ya Zuberi. Mtaa mzima wa Buyenzi unamjua: bondia aliyekataa kuuza pambano, akashinda, na waliotaka kulinunua wakamwua kwa ajili hiyo. Mimi ni mtu wa mtaa wa Musaga, nimecheza ngumi tangu utotoni, nikachaguliwa niwe yeye. Fahari gani hiyo! Lakini mwongozaji aliandika kwamba Zuberi anakufa amepiga magoti, akiomba asamehewe. Nani angembishia? Wauaji hawakueleza kitu mahakamani.

Wenzangu walipokwenda kula, nikabaki kujizoeza. Nikapiga magoti. "Nisameheni, ndugu zangu..."

"Apana. Simama."

Nikageuka. Mwanamume wa rika langu, suruali nyeupe, vitambaa vya ngumi mikononi. Nikadhani ni mwigizaji mwenzangu.

"We nani?"

"Mi sikuomba mutu," akasema taratibu. "Nilitia mugongo ku ukuta. Mikono juu. Ivi."

Akanishika bega la kushoto, akanipanga. Mkono ulikuwa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Niamini, nilitaka kukimbia, lakini utamkimbiaje mtu anayekufundisha kusimama? Nikafumba macho. Nilipofumbua, kwenye vumbi la sakafu kulikuwa na nyayo zangu tu.

Kamera ilipowaka, nikasimama, mgongo ukutani. Mwongozaji akasimamisha kamera kwa kelele: "Coupez! Magoti, we! Ama nitafute mwingine?"

"Tafuta, shefu. Mi sipigi."

Akanikazia macho. Sijui aliona nini usoni mwangu. Mwishowe akasema, "Bon. Fanya yako."

Siku filamu ilipoonyeshwa, Mama Zuberi alikaa mbele. Tulipofika pale pa kifo, aliinuka, akabaki wima mpaka mwisho. Kisha akanishika mikono.

"Nani alikuambia, mwanangu? Nguo zake nilizifua mimi. Shati lilikuwa na chokaa ya ukuta mgongoni. Magoti ya suruali hayakuwa hata na vumbi. Sikumwambia mutu."

"Ni yeye mwenyewe, mama."

Hakushtuka. Akainua kichwa, akacheka huku machozi yanamtoka. "Alhamdulillahi. Huyo ndiye niliyemzaa."

Mpaka leo bega langu la kushoto halitoki jasho, hata Bujumbura iwake namna gani. Silifichi, nalionyesha kwa fahari.

Na wewe unayesimulia vifo vya watu, iwe kwenye filamu au kibarazani tu, kama hukuwepo usimwombeshe marehemu msamaha. Atakuja kukusahihisha. Na si wote watakaokuja kwa upole kama Zuberi.