Gari la Khamphan kwenye Kona ya Mitiki

Nimeshawaambia mara ngapi kwamba mambo ya Wirot muulizeni Wirot? Hamsikii. Naye hasemi, na nyinyi mnajaza wenyewe huko sokoni, eti marehemu Khamphan amekaa kwenye kona anamshikia mkewe usukani. Haya, nitasema mimi, kwa mwandiko wangu huu wa kuparura, na atakayeshindwa kuusoma akatafute miwani.

Wirot ni fundi umeme wa magari hapa Phrae, karakana yake iko nyuma ya kinu cha mpunga. Si mtu wa kubahatisha. Wenzake gari likizima hubadilisha kifaa hiki, kisha kile, mpaka lipone au mwenye gari achoke. Yeye hapimi kwa maneno. Huweka mita yake, hunusa waya kama anayenunua samaki, na hawezi kuagiza kifaa kabla hajajua kile cha zamani kilikufa kwa nini. Ndivyo alivyokuwa miaka ishirini, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo inayomla.

Siku hiyo Khamphan alimletea gari lake, ile hiasi nyeupe kuukuu aliyokuwa akipelekea wagonjwa wa figo hospitali ya mkoa. Taa ya injini ilikuwa imewaka. Wirot akachomeka mashine yake ya kusomea, ikamwambia kompyuta ya injini inapoteza habari kutoka kwenye sensa ya mzunguko. Sensa hiyo ikinyamaza, kompyuta haijui tena injini inazunguka au imesimama, basi inaikatia mafuta. Wirot akabadilisha sensa. Akafungua soketi ya kompyuta chini ya dashibodi, upande wa abiria, akaona doa jekundu lenye kunata, na ua moja la asumini lililokauka. Akalifuta doa kwa kitambaa, akalitupa ua, akairudisha soketi. Tak. Taa haikuwaka tena.

"Limepona?" Khamphan akauliza.

"Limepona, kaka. Endesha uzeeke nalo."

Siku ya sita, asubuhi, Khamphan akiwa peke yake anakwenda kumchukua mgonjwa wa kwanza, gari lilizima Kona ya Mitiki katikati ya mlima. Breki zikawa ngumu kama jiwe, likarudi kinyumenyume, na lori la mbao lilikuwa nyuma.

Tangu hapo Wirot akawa anaisikia ile tak. Akifunga mlango wa kabati, tak. Mkewe akiweka kijiko mezani, tak, naye anaacha kula. Hakumwambia mtu kuhusu lile doa. Alijiambia lilikuwa soda tu, gari gani halimwagikiwi soda? Lakini hakuamini.

Mwaka mzima ukapita. Saengchan, mjane wa Khamphan, alikuwa amelipeleka gari likanyooshwa bati kwa fundi wa mjini, akajifunza kuendesha, akaendelea na wagonjwa wale wale. Asubuhi moja ya kiangazi akaliingiza karakanani, na Bibi Kaeo, mmoja wa wagonjwa wake, amekaa nyuma na mfuko wake wa wali.

"Mdogo wangu," Saengchan akasema, hata hajashuka. "Linazima."

Wirot akaweka chini bisibisi. "Linazima wapi, dada?"

"Unajua wapi."

"Pale pale, fundi!" Bibi Kaeo akadakia kutoka nyuma. "Mara nne sasa. Mara ya mwisho nimesema Khamphan, mwanangu, mimi nina miadi ya kuoshwa figo, kama unamtaka mkeo subiri nikitoka!"

"Bibi, nyamaza."

"Ninyamaze nini? Si likawaka?"

Saengchan hakucheka. Alisema watu wamemwona mumewe pale amesimama na shati la bluu. Mafundi watatu wamebadilisha sensa tatu. Sasa anataka Wirot amwambie jambo moja tu: ni gari, au ni Khamphan? Kama ni Khamphan hataliuza wala hataita mtawa wa kumfukuza. Atakuwa anasimamisha gari pale, akae naye.

"Na wagonjwa?" Wirot akauliza.

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Wirot hakugusa sensa. Aliacha injini ikiunguruma, akawa anatikisa waya mmoja mmoja, akiutazama mshale wa mizunguko. Haukucheza. Akapima volti za sensa, safi. Kisha akauliza swali ambalo mafundi watatu hawakuuliza.

"Mara nne hizo, zilikuwa siku gani?"

Saengchan akafikiri. "Kesho yake ya siku ya hekalu. Zote."

"Na siku ya hekalu unalifanyia nini gari?"

"Unaniuliza kama si mtu wa hapa? Namhudumia Bibi wa Gari. Namwekea shada jipya kwenye kioo, namwekea soda yake nyekundu na mrija. Akishakunywa, naimwaga na maji ya maua hapo chini ya kioo cha mbele, nje."

Hakuna fundi hapa anayeuliza habari za Bibi wa Gari, roho anayelinda chombo na waliomo. Ni kama kumwuliza mtu anasali nini. Ndiyo sababu Wirot hakuuliza siku ile ya doa.

Akafungua boneti, akang'oa kile kifuniko cha plastiki chini ya kioo. Tundu la kutolea maji lilikuwa limeziba kabisa kwa maua ya asumini na nyuzi za mashada, maua ya miaka, yameoza yakawa kama uji. Maji yakikosa njia hukaa hapo, yanasubiri. Gari likipanda mlima na kukata kulia kwa nguvu, yanaegemea kushoto, yanapita penye raba iliyochoka ya kuzibia tundu la nyaya, yanashuka juu ya kompyuta. Akaingia ndani, akaivuta soketi. Pini za sensa zilikuwa za kijani, na juu yake uwekundu ule ule, unanata.

Angeweza kusema ni waya tu. Angesafisha, angezibua, angefunga. Lakini siku ya hekalu ijayo Saengchan angemwaga tena.

"Dada," akasema, bado amempa mgongo. "Si Khamphan. Ni maji ya Bibi. Yanaingia huku." Kisha akasema na lile lingine. "Nilikuwa nimeyaona. Siku sita kabla ya ajali. Nilifuta nikanyamaza."

Saengchan alikitazama kitambaa kilichokuwa mkononi mwa Wirot.

"Siku moja kabla hajafa ilikuwa siku ya hekalu," akasema. "Shada alilifunga yeye. Nilimwaga mimi. Nilimwaga nyingi, maana ulikuwa umemwambia limepona. Wewe ulifuta, mimi nilimwaga. Nani ataanza kumwomba msamaha?"



Wirot alizibua tundu, akabadilisha raba, akazisafisha pini moja moja na kuihamishia kompyuta juu zaidi, mahali pakavu. Kisha Saengchan akasema wajaribu. Akamwaga ndoo nzima ya maji chini ya kioo, yakatoka yote kwenye tundu, wakapanda mlima wote watatu.

Kwenye kona Saengchan akapiga honi mara tatu, kama madereva wote. Injini ikapita, haikukohoa.

"Kumbe hayupo?" Bibi Kaeo akauliza polepole.

Saengchan akageuza gari juu ya mlima, akashuka, akapanda tena. Likapita. Akageuza tena. Mara ya tatu alipunguza mwendo kabisa, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupanda. Wirot aliweka kiganja juu ya kompyuta, akawa anaiomba moyoni izime. Haikuzima.

Sasa Saengchan humwagia Bibi wa Gari kwenye magurudumu. Na kila kesho yake ya siku ya hekalu, kabla Saengchan hajaondoka, Wirot anakuja, anainua zulia upande wa abiria, anapapasa. Pakavu. Anarudi kwake hata maji hajanywa. Mke wake ameficha vijiko vya bati, wanakulia vya mbao.

Hayo ndiyo mliyotaka. Basi nyinyi mliomwambia yule mwanamke mmemwona mumewe na shati la bluu, mnajijua, nendeni kwake leo, mkamwambie machoni kwamba hamkuona mtu. Mkitoka huko mje mniambie alivyowatazama.