Cherehani ya Sindano

Kikundi chetu cha mikopo kina sheria moja ngumu: siku ya marejesho hatoki mtu mpaka hela itimie. Mmoja akipungukiwa, wote tunakaa. Sufuria iungue, watoto warudi shule wakute mlango umefungwa, hayo mwenyekiti hayamhusu. Yeye ni muuza mitumba, na mtu anayebishana bei kutwa nzima huwezi kumchosha kwa kukaa naye kwenye benchi.

Siku hiyo aliyetukalisha alikuwa fundi wetu wa nguo, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake. Zamani alikuwa wa kwanza kulipa, tena akitucheka sisi tunaohangaika dakika za mwisho. Sasa ilikuwa mara ya tatu mfululizo analeta pungufu. Mkopo wenyewe aliununulia cherehani ya umeme, na cherehani hiyohiyo ndiyo dhamana. Akishindwa tena, kikundi kinaichukua, na bila cherehani Sindano hana mbele wala nyuma.

"Si mumeo analipwa mwisho wa mwezi?" mwenzetu mmoja, msusi, akamuuliza. "Na mwezi umeisha juzi tu."

Sindano akatazama viatu vyake. "Kuna mambo yameingiliana, dada."

"Mambo gani hayo yasiyo na jina?"

Jina yalikuwa nalo, ila sisi hatukulijua. Mumewe alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha vinywaji, na unga wake ulikuwa umemwagika tangu kiwanda kilipopunguza wafanyakazi. Alirudi nyumbani, akamwapisha mkewe kwamba mtu asijue. Shemeji yule ni wa kufa na tai shingoni. Mtaa mzima unamwita Injinia, na analipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Basi akawa anajifungia ndani mchana, mapazia yamefungwa, sisi tukidhani amehamishiwa zamu ya usiku. Kumbe anamsaidia mkewe kushona vifungo. Ndiyo maana siku zile vifungo vya Sindano vilikuwa havitoki hata kwa meno; mwanamume alivikaza kama nati za lori.

Sindano naye alikuwa anaziba tundu hili kwa kufungua lile. Anakopa kwenye simu alipe kikundi, anakopa dukani alipe simu, na mwenye nyumba anagonga mlango. Roho inaniuma nikikumbuka alivyokuwa akitania nasi huku maji yamemfika shingoni. Lakini siku ile sikumwonea huruma hata chembe. Nilikuwa na maharage motoni.

"Huyu ana mkono wa birika tu," msusi akasema. "Tukachukue cherehani, tumalize."

Mwenyekiti akamgeukia Sindano. "Mwanangu, sema mwenyewe. Kuna nini?"

Sentensi moja ingetosha. Tusingemwacha mwenzetu azame kwa kuwa mumewe hana kazi, na yeye alilijua hilo. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kaichukueni."

Nikatumwa mimi na msusi. Tulibisha hodi, na baada ya kitambo Injinia akafungua. Alikuwa amevaa fulana ya ndani, uzi umenasa kwenye nywele, sketi ya mteja mkononi. Msusi, ambaye hajawahi kukosa neno, alilikosa. Ikabidi niseme mimi.

"Shemeji, tumefuata cherehani. Marejesho yamemshinda."

"Amewaambia sababu?"

"Tumemuuliza mpaka basi. Hajasema kitu."

Injinia akarudi ndani, akakaa kwenye kigoda cha mkewe. Alikaa pale akiishika ile sketi, nami nikaona haya kumtazama. Halafu akachomoa waya ukutani, akaibeba cherehani begani na kutufuata. Alituomba tupite uchochoroni, nyuma ya mabafu, na tukapita huko bila kusemezana.

Sindano alipomwona akiingia alisimama, mkono mdomoni. Mumewe akaiweka cherehani mezani mbele ya mwenyekiti.

"Kazi sina," akasema. "Niliachishwa, ni muda sasa. Mke wangu si mchoyo wala si mwongo. Mimi ndiye niliyemziba mdomo, na hata leo amekubali kupoteza mashine yake ili mimi nisiaibike. Sasa fanyeni mnavyotaka."

Mwenyekiti hakuwa na haraka. Aliipangusa vumbi ile cherehani kwa upindo wa kanga yake.

"Hii ikikaa hapa mezani itamlipia nani?" akatuuliza.

Msusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua pochi, akinung'unika kwamba wanaume wa siku hizi wana maringo ya bure, na sisi wengine tukafuata. Pengo likazibwa, marejesho yake yakapunguzwa na kurefushwa, na kama kuna aliyechukia, alichukia kimyakimya. Maharage yangu yaliungua.

Tukatoka pamoja. Injinia akaibeba tena cherehani, na mkewe akageukia kule uchochoroni kwa mazoea ya kumficha. Injinia akasimama kidogo, kisha akashika barabara kubwa. Nje kwa kinyozi vijana wanaoshinda kwenye benchi walikuwa wamejaa kama kawaida. Kinyozi akatoa kichwa mlangoni.

"Injinia, leo hauendi kazini?"

"Sina kazi, ndugu yangu," akajibu kwa sauti ya kusikika. "Nilipunguzwa. Namsaidia mke wangu kushona."

Sindano hakuwahi kudondosha chozi mbele yetu, hata siku zile tulipomsema. Hapo akakaa kwenye ngazi ya duka akalia, mabega yakitikisika. Injinia akaishusha cherehani chini, akakaa pembeni yake na kumshika mkono, mtaa mzima ukiwatazama.